Arobaini na Mmoja Wanaolala Vizuri

Hadi Alhamisi asubuhi, karatasi ilikuwa imeshinda. Tulikuwa tumewauliza wanafunzi wa chuo maswali yaleyale ya afya kwa njia tatu, ili tujue ipi itumike kwenye utafiti mkubwa. Kila njia ilipewa wanafunzi mia mbili arobaini. Kwa barua pepe walijibu kumi na tisa. Ujumbe wa simu ulileta themanini na wanane. Fomu za karatasi, nilizozisimamia mimi, zilirudi mia mbili na kumi na mbili, nami nikawa natembea koridoni kama niliyezizaa.

Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa unaisha kesho yake. Daktari aliyeongoza utafiti, ambaye sisi wasaidizi tulimwita Chujio kwa kuwa kosa halimpiti, alishasema atanipima kwa kazi hiyo.

Nilikuwa naingiza kwenye kompyuta fomu za darasa moja. Swali la tisa liliuliza kama mtu amekosa usingizi mwezi huo kwa sababu ya mawazo. Fomu arobaini na moja, "hapana" arobaini na moja. Vidole vikasimama. Mdogo wangu yumo darasa hilo, na tunalala chumba kimoja. Wiki ya tatu sasa namsikia akigeukageuka hadi alfajiri. Nikimuuliza, anasema ni godoro.

Mchana nilimfuata kwenye benchi nje ya maktaba. Sikumuuliza alijibu nini, maana hiyo si haki yangu. Nilitaka tu kujua fomu zilikusanywaje. Akanieleza kwamba kiongozi wa darasa alipita dawati kwa dawati, akichukua karatasi zikiwa wazi na kuzisoma huku anatembea. Aliyeruka swali alirudishiwa amalizie mbele ya wenzake.

"Sasa dada," akasema, "wewe ungeandika kwamba hulali, halafu kufika jioni chuo kizima kinakuita bundi?"

Aliyemtuma kiongozi wa darasa ni mimi. Nilitaka fomu ziwe nyingi, tena upesi.

Ripoti ilikuwa itumwe saa tisa. Ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayakuwa yangu peke yangu: utafiti mkubwa ukifuata njia yangu, chuo kingeambiwa wanafunzi wake wanalala fofofo na hawana haja ya kuongezewa mshauri nasaha wa pili. Nikabisha kwa Chujio, roho mkononi, nikamweleza yote bila kumeza mate.

Alivua miwani. Akanigeuzia majibu ya simu: swali la tisa, thelathini na sita walisema ndiyo.

"Tangu jana najiuliza kwa nini watu wa simu hawalali na watu wa karatasi wanakoroma," akasema. "Nilikuwa nasubiri nione kama utaniambia wewe au nitakuambia mimi. Keti, mwanangu."

Nikaketi. Sikujua kiti kinaweza kuwa kitamu hivyo. Aliomba siku nne za nyongeza, akaniambia kosa langu litaandikwa kwenye ripoti ili mwingine asilirudie. Mkataba mpya niliukuta mezani Ijumaa, umeshatiwa sahihi.

Jumatatu tulirudi kwenye darasa lile na boksi la viatu lililozibwa pande zote, lenye tundu jembamba juu. Kiongozi wa darasa alijaza yake kama wengine, amenuna kidogo. Zilirudi thelathini na nne tu, na kumi na tano zikasema ndiyo. Mdogo wangu alikunja yake mara nne, akaitumbukiza, akanipita kama hanijui.

Chini ya kila fomu kulikuwa na kipande cha kuchana, chenye namba ya chumba cha mshauri. Jioni, nikikunja nguo, nilikiona kimechungulia kwenye mfuko wa sketi yake. Nikaendelea kukunja. Yeye ndiye aliyeanza.

"Kesho saa nne nina miadi. Utanisindikiza, au watafiti hawaruhusiwi?"

"Mtafiti haruhusiwi," nikamwambia. "Dada anaruhusiwa."