Mukubwa Ananguruma Lac Vert

Mimi sipendi kupewa hongera kwa kazi ambayo sikuifanya. Asubuhi ile Théogène, fundi wa kuchonga chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, aliingia karakana yangu hapa Murara na msumeno wake wa moto, ule wa injini, begani. Alitaka nimnolee mnyororo. Kabla hata hajautua chini akanipa mkono, akanipongeza. Alisema ametoka Lac Vert kununua magogo ya mkaratusi, ameikuta mashine ya muzee wangu ikiangusha miti mikononi mwa shemeji yangu Bashige, na kwamba kurudisha kazini kitu cha zamani namna ile si mchezo.

Nikamwambia asante. Nikaendelea kupiga tupa meno ya mnyororo wake kama mtu mwenye kazi nyingi. Alipoondoka nikafunua turubai lililo pembeni mwa meza. Chini yake palikuwa pamebaki mkono wa kushikia na kifuniko cha chujio cha mashine ile, basi.

Lazima nieleze kidogo, maana asiyeijua kazi yetu atasema nilikuwa nimelala. Muzee wangu, Mulumeoderhwa, alikuwa mkata miti wa mapadri kule Kabare tangu ujana wake. Walipoondoka walimwachia msumeno wa moto wa zamani, mzito hata wenzake wakaupa jina la Mukubwa, kwa sababu siku za mwanzo ulibebwa na watu wawili. Misumeno ya siku hizi inalia kama nzi ndani ya chupa. Mukubwa alikuwa ananguruma kwa chini, na kabla ya kushika moto alikohoa kikohozi kirefu hivi ambacho sijakisikia kwa mashine nyingine yoyote. Sisi watoto tulijua baba yuko mlima gani kwa sauti ile. Ndiyo iliyotulisha na kutusomesha, mimi na dada yangu Perpétue.

Kisha pistoni ikavunjika, na macho ya muzee nayo yakaingia ukungu mpaka yakazimika kabisa. Nilimwahidi mbele ya familia nzima: utamsikia tena Mukubwa, na atanguruma mikononi mwangu. Sikuahidi kwa mdomo tu. Nilimsafisha kutu kwa mafuta na mswaki, nikamrudishia rangi yake nyekundu, nikamshonea mfuko wa turubai. Nimekwisha kufufua mashine za watu kwa vipande vya kila namna. Iko moja inakata mbao Rutshuru mpaka leo na ndani yake kuna kipande cha kandambili kinachozuia mafuta yasivuje. Lakini kwa Mukubwa nilisema hapana. Nilitaka pistoni ya kwake, ya ukoo wake, hata kama ingetoka kwenye maiti ya mashine iliyozikwa kwenye matope ya Masisi. Watu walinicheka. Na wacheke, mimi najua ninachokifanya.

Mtu wa kunitafutia alikuwa Bashige, mume wa Perpétue. Hiyo ndiyo kazi yake: anazunguka Birere, Sake, mpaka vijiji vya ndani, anaokota mashine zilizokufa na kuuza viungo vyake. Ana mdomo mtamu na miguu isiyochoka. Na huku kwetu kipande cha mashine kongwe hakitafutwi kwa jina, maana majina yalikwisha kufutika na vitabu vyake hakuna aliyewahi kuviona. Kinatafutwa kwa eshantiyo. Unampa mtafutaji kipande chenyewe, anakitia mfukoni, na kila anapokuta chuma kizee anakitoa na kulinganisha. Fundi anayekataa kutoa eshantiyo haaminiki. Watu watasema hataki kutafutiwa, anataka kusumbua tu.

Kwa hiyo nilipompa pistoni iliyovunjika, hakuna la ajabu. Baadaye alirudi akasema ameona mashine ya ukoo uleule Masisi, lakini anataka kuwa na hakika, nimpe kabureta apime. Nikampa. Halafu akaomba gurudumu la sumaku. Halafu klachi, halafu tangi na kamba ya kuwashia. Kila mara alikuwa na habari nzuri, na kila mara nilifurahi kama mjinga. Mwishoni alikuja na pikipiki ya kukodi, akasema pistoni imeonekana Sake lakini mwenye nayo haitoi mpaka ijaribiwe ndani ya silinda yake. Nikaufunga mwili mzima wa Mukubwa ndani ya gunia safi kwa mikono yangu hii, nikamwambia dereva aende polepole kwenye mawe. Huyo ni shemeji yangu. Watoto wake wananiita mjomba. Ningeshuku nini?

Basi asubuhi ile nilifunga karakana, nikasimamisha pikipiki, tukashika njia ya Sake. Njia nzima nilikuwa nampangia Bashige maneno. Nilijua nitamwambia nini, nitaanza na neno gani, na nitamwita mwizi mbele ya wateja wake. Jambo moja tu lilinisumbua. Muzee alikuwa anakaa kwao. Mwaka uliopita alisema vumbi la chuma la Murara linamkaba kifua, akaomba kuhamia kwa Perpétue, apate hewa ya Lac Vert. Niliogopa kumtia Bashige aibu mbele yake.

Nilimsikia Mukubwa kabla sijashuka. Kikohozi kile kirefu, kisha ngurumo. Nilikuwa nimeingoja sauti ile miaka, na ilipokuja nikamwambia dereva aningoje barabarani.

Nyumba ya Bashige ni ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na mikaratusi yake iko chini kidogo. Bashige alikuwa kule, amenipa mgongo, amemwinamia Mukubwa. Rangi yangu nyekundu ilikuwa imekwisha kuchubuka ubavuni. Perpétue alitokea mlangoni na beseni la maharage. Aliponiona akasimama. Hakunisalimu. Aligeuka na beseni lake, akarudi ndani, na hapo nikajua kwamba dada yangu alijua yote tangu zamani. Iliniuma kuliko ile mashine.

Muzee alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya ukingo wa paa, uso wake ameuelekeza kwenye mngurumo, mikono imetulia magotini. Alisikia viatu vyangu kwenye mawe. Kwa kelele ile hakuweza kujua ni nani, akanidhania ni mteja.

"Umekuya kununua mbao, papa?" alisema kwa sauti ya juu. "Ngojea, atamaliza. Kaa hapa."

Nilikuwa na maneno mengi lakini yote yalikuwa ya Bashige, sikuwa na hata moja la muzee. Nikasimama karibu naye.

"Uko nasikia ile masini? Ni ya kwangu. Niliangusha nayo miti ya mapadri yote, kule Kabare." Alicheka kidogo. "Ilikuwa kwa mutoto wangu ya Murara. Ni fundi wa kweli, sitamusema mubaya. Lakini alikatala pistoni zote. Alitaka ile yenye ilitoka nayo Ulaya. Alikuwa anaifungafunga mu vitambaa sawa mutoto. Miye niko muzee. Nitangojea Ulaya mupaka wapi?"

Chini kule mti ulianza kulia. Bashige akarudi nyuma hatua chache, mkaratusi ukaanguka, na muzee akatikisa kichwa kwa raha kama mtu aliyelishwa. Uso ule ndio nilioufanyia kazi. Kila nilipomsugua Mukubwa kutu niliuona mbele yangu, muzee anasikia, muzee anafurahi. Sasa niliuona kwa macho, na ulikuwa zawadi ya mtu mwingine.

"Njo maana nikamwambia Bashige," akaendelea, "ikamate polepole, kimoja kimoja. Umuambie ni eshantiyo. Rémy hawezi kukatala eshantiyo, ni mutu anaheshimu kazi. Na basi, alitoa yote. Tukatia pistoni ya piki, mutu wa Sake akaichonga kidogo. Siku ya kwanza tu, ikakamata. Nililia, papa, sikufichi."

Pistoni ya pikipiki. Nilikuwa nimeikataa mbele yake mara nyingi, na mara zote alinyamaza, nami nikadhani ananikubalia. Hasira yote niliyoileta kutoka Murara ilikosa mahali pa kwenda. Bashige alikuwa ametumwa. Dada yangu alinyamazishwa. Na aliyewatuma alinijua vizuri, alijua mlango gani wa kuingilia, akamfundisha mkwe wake namna ya kuufungua. Hakuja kwangu aseme: mwanangu, nimechoka kungoja. Angesema hivyo ningefanya nini? Huenda ningekasirika, sikatai. Lakini ningekuwa mimi niliyeshika ile mashine leo.

"Kama unapitaka ku Murara," alisema, "usimuambie. Iko na hasira sana, ule mutoto."

Bashige akamzima Mukubwa. Kukawa kimya ghafla, hata nikasikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba. Alijipangusa jasho, akageuka, akaniona. Akaweka mashine chini taratibu, hakusogea.

Muzee alisubiri. Mteja wake hakuwa amesema neno, na mtu asiyeona hapendi kimya cha namna hiyo.

"Unaitwa nani, papa?" akauliza.

Ningeweza kuondoka. Pikipiki ilikuwa bado inaningoja barabarani, na muzee angekaa na furaha yake mpaka mwisho, bila kujua. Nilifikiri hivyo kweli. Lakini mimi pia ni mtu, na mimi pia ni mtoto wake.

"Ni miye, papa. Ni Rémy."

Mikono yake iliinuka kutoka magotini, ikarudi. Bashige alikuwa bado amesimama kule chini kati ya magogo, na ndani Perpétue alikuwa ameacha kuchambua maharage.

"Umeisikia?" muzee akauliza mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Nimeisikia."

"Inanguruma muzuri."

Nilisema ndiyo, inanguruma vizuri. Ilikuwa kweli, na sikuweza kumdanganya juu ya kazi. Basi akanyoosha mkono wake wa kulia, akapapasa hewani, akanitafuta mahali aliponisikia. Hakukosea, nilikuwa nimesimama palepale, vidole vyake vilifika karibu kabisa na shati langu.

Sikuupokea.