Kasoro ya Peni ya 1869

Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye soko la sarafu katika ukumbi wa kanisa mjini Batley, Uingereza, Horace Pickersgill alitandika kitambaa cheusi mezani, akawasha taa na kufuta kioo chake cha kukuzia. Alikuwa mnunuzi wa sarafu kongwe kwa miaka thelathini. Mteja wake wa kwanza alikuwa Enid Sugden, mwanamke wa miaka sabini na moja, mwenye sarafu moja ya peni ndani ya leso.

Enid alitaka pauni mia moja na ishirini. Ndizo alizotajiwa na mchonga mawe, ili bibi yake, Hannah, aliyezikwa bila jiwe, apate jina kaburini.

"Ya mwaka 1869," alisema. "Nimeambiwa ni adimu."

"Adimu kweli, mama. Shida ni hali yake."

Aliiweka chini ya taa, na watu waliowahi kuitumia, hata waliokwisha kufa, wakaanza kuingia. Walipitia mlango wa jikoni wakajipanga ukutani hadi barabarani: wachambuzi wa sufu wenye vumbi nywelini, kondakta wa tramu, mama aliyeinunulia maziwa. Bawabu alinung'unika kwamba hawakulipa kiingilio.

"Sogeeni huko, mnaniziba mwanga," alisema Horace. Kisha akamgeukia Enid. "Nywele za Malkia hapa kwenye sarafu zimefutika, shavu limelala. Nikikuonea huruma, pauni nne."

"Nne! Imenunua mikate miaka mia nzima!"

"Basi hiyo ndiyo kasoro yake."

Akamwonyesha nyingine ya mwaka uleule, nyekundu bado kama shaba mpya, iliyolala kwenye droo ya tajiri tangu ilipotoka kiwandani. Nyuma yake hakusimama mtu yeyote. Bei yake ilikuwa pauni mia tisa na wanaume watatu walikuwa wanaigombania. Inatia hasira! Peni isiyomlisha mtu hata siku moja inasifiwa uso, na iliyochakaa kwa kuhangaika na watu inaambiwa imeharibika.

Horace aliinama tena. "Shavu hili limesuguliwa kwa kidole gumba. Nani kafanya hivi?"

Hannah alitoka kwenye foleni, viatu vyake vimelowa. "Mimi, bwana. Niliisugua mfukoni kila alfajiri nikingoja geti la kiwanda lifunguliwe. Sikuwa na nyingine."

"Umeiharibu sana."

"Unisamehe, bwana."

"Bibi, usimwombe radhi huyu!" Enid alifoka. "Na wewe, nirudishie. Sikuuzii."

"Hasira za nini, mama? Siku njema."

Lakini Horace hakuwa na desturi ya kurudisha sarafu aliyoikagua bila kuandika maelezo yake. Alimuuliza Hannah jina lake kamili, akaitia peni kwenye bahasha ndogo na kuandika juu yake, kwa mwandiko safi: *Kasoro: Hannah Sugden.*

Hannah hakuwahi kujifunza kusoma. Aliuliza pameandikwa nini, na Enid, aliyekwisha kukabidhiwa bahasha, akamjibu kwamba ni jina lake. Hannah alilitazama kwa muda mrefu, akasema limeandikwa vizuri.