Ndoa Ndefu Kuliko Zote Melini

Meli ile haikuwa kubwa ya kutisha, ya kumpoteza mtu kama mji, wala haikuwa ndogo ya kuonea huruma. Ilikuwa ya kati, abiria mia saba na ushei, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Kwenye meli kubwa mtu unaweza kumkimbia mumeo wiki nzima. Kwenye ya kati, ukikata kona ya ngazi unamkuta huyo hapo, karatasi mkononi, kalamu sikioni, anakwambia, "Twende mama, saa tano kuna mafunzo ya kukunja leso."

Wahudumu walimbandika jina la Bwana Ratiba siku ya pili tu. Kila asubuhi karatasi ya shughuli za siku ilipopenyezwa chini ya mlango, aliidaka kabla haijatulia sakafuni. Akavaa miwani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kuweka alama. Hapa tunakwenda. Hapa tunakwenda. Hapa hapatufai. Mkewe alisikiliza akiwa amelala upande wa ukutani. Alikuwa muuguzi mstaafu, na watu wa wodini walimzoea kwa jina la Sista, jina alilolipenda kuliko lake mwenyewe.

Huyu mume hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, asije mtu akamlaani bure. Hakuwahi kumnyanyulia mkewe mkono, hakulewa, hakuwa na nyumba ndogo mahali. Miaka thelathini alikuwa karani wa mahakama, akiwaita watu waingie, wasimame, wakae, watoke, na akirudi nyumbani hakubadilisha kazi. Alichagua mtaa wa kuishi. Alichagua shule za watoto, rangi ya mapazia, marafiki wa kualikwa na saa ya kuzima taa. Sista alishinda wodini akitoa amri ambazo hata madaktari walizitii, kisha jioni anaambiwa leo tunakula viazi. Ukimshitaki mtu kama huyo, kwenye hati utaandika nini? Kwamba alinunua mapazia ya kijani? Angekuwa mlevi, Sista angekuwa ameondoka zamani na watu wangempongeza.

Lakini sasa alikuwa ameshaamua. Miezi mitatu iliyopita alipanga vyumba viwili karibu na mdogo wake, akapeleka godoro, redio na sufuria mbili. Mdogo mtu ndiye peke yake aliyejua. Ilibaki kumwambia mwenyewe, na siku ilikuwa imepangwa, Jumapili baada ya chakula. Basi Jumamosi ya kuamkia siku hiyo watoto wakaingia na keki. Kitinda mimba wao akatoa bahasha, ndani tiketi mbili za meli, siku tisa baharini, zawadi ya wazazi wetu kwa miaka arobaini na mitatu ya ndoa. Wajukuu wakapiga makofi. Sista akayameza maneno yake pamoja na keki.

Akajiapia kwamba hata iweje, mzee atayasikia kabla meli haijarudi bandarini. Alijijua. Akiingia tena mlango ule na kuuona ufagio wake nyuma ya jiko, atajifunga aproni, na habari itakuwa imeishia hapo. Umri wake ulikuwa miaka sitini na sita, na hakuwa na Jumapili nyingi za kuchezea.

Bandari ya kwanza alipania kumwambia wakiwa nchi kavu, penye nafasi, barabara ikiwa mbele yake.

"Hatushuki," alisema Bwana Ratiba. "Watu huachwa na meli, mama. Nimesoma."

"Basi nitashuka mwenyewe, ninyooshe miguu."

"Peke yako? Utapotea." Akagonga mfuko wa shati lake. Humo zilikaa kadi zote mbili, yake na ya mkewe, kadi za plastiki ambazo bila hizo mtu hatoki melini wala hafungui mlango wa chumba chake. Alizichukua siku ya kwanza ili zisipotee, na kweli hazikupotea.

Bandari ya pili ikawa vilevile. Sista alisimama sitahani akiwatazama wenzake wakiteremka kwa kofia na viatu vya kutembelea, wanacheka, wanagawanyika huku na kule. Alikishika chuma cha ukingo mpaka kiganja kikamuuma. Walipokwisha kushuka akaanza kuizunguka sitaha. Raundi moja ilikuwa hatua mia nne na kumi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema wahenga, na yeye aliuona ukingo wenyewe mara kumi na moja asubuhi ile. Kila raundi alipita mbele ya wazee walewale wanne wanaocheza karata, na kila raundi walimwamkia upya.

Usiseme basi angemwambia chumbani. Chumba chao kilikuwa cha ndani, kati ya ujia na ujia, na taa ikizimwa giza lake lilikuwa la kwenye gunia. Kiti kilikuwa kimoja. Bafuni, ukiinua kiwiko kujisugua mgongo, unafungua bomba la sinki. Hewa ilitoka kwenye tundu la dari ikinguruma usiku na mchana, nayo ilinuka sabuni ya zulia. Runinga ilionyesha ramani na kidoa chekundu kinachotambaa juu ya rangi ya buluu, na Bwana Ratiba alikitazama kidoa kile kama watu wanavyotazama mpira.

"Tunakwenda vizuri," aliarifu kila baada ya muda.

Siku ya tano Sista alipiga moyo konde. "Mzee, kuna jambo nataka nikwambie."

"Utaniambia mezani. Tunachelewa supu."

Mezani! Meza za meli ile zilipangwa tangu siku ya kwanza, na mtu alikaa kiti chake hicho hicho mpaka mwisho wa safari. Yao ilikuwa ya watu wanne. Wenzao walikuwa maharusi wa wiki mbili, mume kinyozi, mke fundi wa kutengeneza simu, watoto wenye adabu na kucheka kwingi. Walimpenda Sista mara moja, jambo lililomuumiza zaidi. Angewezaje kulitoa lile neno mbele ya watu wanaolishana kijiko kwa kijiko?

"Mama, tupe siri basi," bibi harusi alimwomba jioni ile. "Miaka arobaini na mitatu! Sisi wiki ya pili tu na tumeshanuniana kwa ajili ya mswaki."

Sista akafungua kinywa.

"Siri mtaisikia kesho," alidakia Bwana Ratiba, uso umemchanua. "Saa kumi, ukumbi wa juu. Kuna shindano la ndoa ndefu kuliko zote melini. Nimeshatuandikisha."

Usingizi haukumjia Sista. Alilala chali akisikiliza tundu la hewa, huku mume wake akikoroma kwa kupanda na kushuka, na akahisi hasira ambayo hakujua kama anayo. Ilikuwa hasira kavu, ya mtu aliyefungiwa stoo na watu wanaompenda.

Kesho yake ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi kwenye ngazi. Mpiga kinanda alikuwa kazini, wahudumu wanapita na vikombe vya chai, na kule nje ya vioo vikubwa hakukuwa na kitu ila maji pande zote. Mshereheshaji, kijana mwenye koti linalometameta na meno kama ya tangazo, aliwaamuru wanandoa wote wasimame.

"Wa chini ya mwaka mmoja, ketini!" Maharusi wakaketi kwa vifijo. "Chini ya kumi! Chini ya ishirini!" Watu wakashuka safu kwa safu.

Iliposemwa thelathini, Sista akajaribu kuketi. Alikunja magoti kweli, akakikaribia kabisa kiti, lakini mkono wa mumewe ulikuwa chini ya kiwiko chake, ukamnyanyua taratibu, bila ukali wowote, kama unavyomrudisha mtoto kwenye foleni.

"Bado sisi, mama," alinong'ona.

Chini ya arobaini. Zikabaki jozi tatu za wanandoa. Arobaini na moja, zikabaki mbili. Arobaini na mbili, na mzee mmoja wa upande wa pili akatupa mikono juu na kuketi akicheka. Ukumbi ukalipuka. Wakasukumwa jukwaani, wakavishwa mataji ya karatasi, na taa ikawamulika hata Sista asiweze kuona zaidi ya safu ya kwanza.

"Wazee wetu!" alipaza sauti mshereheshaji. "Vijana hapa wana njaa ya busara. Baba, siri ni nini?"

Bwana Ratiba alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa, hilo lilionekana. "Siri ni moja tu," alisema. "Miaka arobaini na mitatu, mke wangu hajawahi kunikatalia jambo. Hata moja." Sauti ikamtetemeka kidogo. Alikuwa anasema kwa upendo, na Sista alijua kwamba anasema kwa upendo.

Makofi yalikuwa ya kuangusha paa. Wanaume wengine walipiga miluzi.

"Na wewe mama? Unasemaje?"

Kipaza sauti kikafika mdomoni pake. Alikuwa na maneno ya miezi mitatu, ameyapanga na kuyapangua, na yote yalikimbia. Likabaki moja.

"Ni kweli," alisema. "Hajawahi kuniuliza."

Kimya cha nusu dakika? Wapi! Ukumbi mzima uliangua kicheko. Walicheka wakajipiga mapaja, mshereheshaji akajishika tumbo, mpiga kinanda akatia nakshi ya vidole. "Mama ni mchekeshaji, jamani!" Katika safu ya mbele Sista alimwona bibi harusi. Yeye hakucheka. Alikuwa amemgeukia mume wake, anamtazama.

Zawadi ilitolewa kwenye bahasha ya dhahabu. Ilikuwa safari nyingine ya siku tisa, mwaka ujao, meli hii hii, watu wawili.

Walirudi chumbani. Njiani watu waliwapongeza katika kila kona, na kila kona Sista alitabasamu kama mtu anayelipishwa faini. Bwana Ratiba akachomoa kadi, akafungua mlango, akaiweka bahasha juu ya runinga.

"Umewachekesha kweli," alisema.

"Sikuwa nachekesha, Mzee."

Akageuka. Taji la karatasi lilikuwa bado kichwani mwake.

"Nimepanga vyumba," alisema Sista. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kawaida, sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia wagonjwa matokeo. "Karibu na mdogo wangu. Godoro langu liko huko tangu miezi mitatu iliyopita. Meli ikifika, wewe utakwenda nyumbani na mimi nitakwenda kwangu. Hujanipiga, hujaniibia, sina mashitaka. Nimechoka kupelekwa tu."

Bwana Ratiba aliketi kwenye kile kiti kimoja. Alilivua taji, akalikunja mara mbili, halafu mara nne. Sista alisimama akisubiri. Alilijua swali litakalokuja, nimekukosea nini, na jibu lake alikuwa nalo, amelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha mdogo wake. Kidoa chekundu kilitambaa kwenye ramani. Mzee akavua viatu. Akavua soksi, moja, ya pili, akaitazama miguu yake kwa muda mrefu sana.

"Sasa," aliuliza, "kucha za miguu atanikata nani?"

Sista hakujua kama acheke au alie, na kwa kuwa hakujua, vyote viwili vilimpanda kwa pamoja, akalazimika kushika mlango wa kabati. Miaka arobaini na mitatu, na swali la kwanza ndilo hili! Tena swali lenyewe halikuwa la kijinga. Miaka tisa iliyopita mzee aliteguka mgongo, akashindwa kuinama, na mkewe akaichukua kazi ile, kila wiki ya pili, taulo chini na beseni pembeni. Mgongo ulipona mwaka ule ule. Desturi haikupona.

Akamtazama. Hakumwona karani wa mahakama. Alimwona mtu mzima mwenye hofu, miguu mitupu juu ya zulia la watu, mikono imeshika karatasi iliyokunjwa. Alimhurumia, na huruma ile ilimtisha kuliko kitu chochote kilichotokea melini, maana mara zote ilikuwa ikimrudisha ndani mlango ukiwa wazi.

Akafungua begi, akatoa mkasi wa kucha. Akatandika taulo sakafuni, akapiga magoti kwenye ile nafasi finyu kati ya kitanda na kiti, akauchukua mguu wa kulia mapajani mwake. Alianza na kidole kikubwa, polepole, kwa ustadi wake wa wodini. Mzee akaanza kupumua vizuri. Mpaka alipofika kidole cha mwisho, mabega yalikuwa yameshamshuka, na uso umemrudia ule wa kila siku.

"Nilijua una hasira tu, mama," alisema. "Zitapita." Na akanyoosha mguu wa kushoto.

Sista aliutazama mguu ule, umekuja wenyewe, umetulia juu ya taulo. Kisha akauchukua mkono wa mume wake, akaufungua, akaweka mkasi kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Za mguu huu utakata mwenyewe," alisema. "Anza na kidole kidogo. Nipo hapa, naangalia."