Zabibu Zilizonyimwa Konyaki

Nina bibi kizee wangu, ana makunyanzi mwili mzima. Nikimnywesha pombe anarudi usichana. Haya, wewe unayesikiliza, nani huyo? Usitazame dari, jibu halijaandikwa huko. Umeshindwa? Basi nipe mji. Unanipa Brussels? Pamoja na mvua yake? Naupokea, wa kupewa hachagui. Nimekwenda Brussels, nikafika Schaerbeek, nikapanda ngazi za nyumba isiyo na lifti mpaka magoti yakaniuliza kama nina akili, na juu kabisa nikamkuta Victorine jikoni na beseni la zabibu kavu. Hizo ndizo bibi kizee wangu. Wewe ulidhani namsema Victorine. Yeye makunyanzi anayo machache tu, na hayo alipewa na watu.

Victorine alikuwa mjane kutoka Likasi, kule Katanga. Usichanani alifanya kazi kwa mama mmoja Mwingereza wa misheni, aliyemfundisha kufunga soksi kwa jozi, kuogopa upepo wa dirishani, na kutengeneza minsimiti. Mambo mawili ya kwanza aliyaacha huko huko. La tatu alikuja nalo Ulaya. Unachukua zabibu kavu, matufaha yaliyokatwa vidogo vidogo, maganda ya machungwa, sukari ya kahawia, karafuu, mdalasini, kungumanga, mafuta magumu ya figo za ng'ombe yaliyokunwa, halafu unayanywesha yote konyaki na kuyafungia chunguni, mahali pa baridi, yakae wiki nyingi yakitafakari. Noeli ikikaribia unayajaza ndani ya vikate vidogo vya unga na siagi, unaviita tati, unavipeleka tanurini. Kanisa lao zima, lililokuwa likisali katika ukumbi wa kukodi juu ya saluni moja ya kusuka nywele huko Matonge, lilikula tati zile kila Noeli na kulamba vidole. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini baada ya tati nyimbo zinapanda sauti.

Basi Novemba ya mwaka ule, mwaka wa elfu mbili na kumi na moja, Victorine alikuwa akimenya matufaha, na mbele yake ameketi Papa Constant, shemasi, mjane kama yeye, mtu wa Lubumbashi mwenye sauti nzito ya kwaya na koti moja zuri. Alikuja kumbebea mfuko wa sukari. Mfuko ulikwisha kubebwa zamani, na yeye bado yupo.

"Victorine," akasema, akiutazama mfuko, "mi niko peke yangu, we uko peke yako. Unanikubali ao hapana?"

Victorine alimenya tufaha mpaka mwisho bila kukata ganda.

"Matunda hayajaiva, Constant," akasema. "Ngoja."

Usidhani alikuwa anaringa. Ana sababu, nami nitakwambia. Mume wake wa kwanza, Tshibangu, Mungu amlaze pema, alikuwa bingwa wa kusema ndiyo. Kaka zake wakitaka baiskeli, ndiyo. Bosi wake akitaka afanye kazi Jumapili, ndiyo. Binamu walipokuja kutaka kitanda, Tshibangu alisema ndiyo, na akawasaidia kukitoa mlangoni, huku Victorine amesimama na shuka mkononi hajui alitandike wapi. Watu wote walimlilia Tshibangu alipokufa, wakisema hajawahi kumkatalia mtu. Victorine alilia pia, ila yeye alijua kwamba mtu mmoja amekataliwa kila siku, na mtu huyo ni yeye. Akaapa: mwanamume mwingine wa amina-amina hatakula chungu chake. Victorine alimpenda Constant, hilo halikuwa siri hata kwa zabibu. Alichotaka kujua ni kama mtu huyu ana uti wa mgongo, au ni koti tu linalomsimamisha.

Hakungoja sana. Jumapili iliyofuata mke wa mchungaji, Maman Shekinah, aliwaita akina mama na mashemasi baada ya ibada. Maman Shekinah alikuwa binti mdogo kwa umri, mkubwa kwa kofia, na Mungu alikuwa akizungumza naye mara nyingi kuliko simu yake.

"Bon," akaanza. "Mungu amenionyesha chupa mu ndoto. Chupa ya konyaki, na nyoka ndani. Donc, tati za mwaka hii, konyaki hapana."

Akina mama wakatikisa vichwa kwa huzuni ya watu waliokwisha kulamba vidole miaka yote hiyo.

"Maman pasteur," Victorine akasema kwa upole, "konyaki si ya kunywa. Ndiyo inalinda matunda. Ukiitoa, sukari na tufaha zitajitengenezea pombe zenyewe, na hiyo haitakuomba ruhusa."

"Damu ya Yesu njo inalinda," akasema Maman Shekinah.

Utajibu nini hapo? Victorine akageuza macho, akamtafuta Constant. Constant alikuwa ameketi safu ya mashemasi, kitambaa cha buluu cha ushemasi mkononi, pale juu ya kiwiko. Alimwona anamtazama. Akafungua mdomo.

"Amen," akasema.

Neno moja tu, na sauti yake nzito, lilienea ukumbi mzima likarudi. Victorine akakiona kile kitanda kinatoka mlangoni tena.

Ikaamuliwa kwamba matunda yaloweshwe kwa maji ya zabibu, na kwa kuwa nyumba ya Victorine ilikuwa na historia, yaani chupa, chungu kikae kwa shemasi mwaminifu. Nani mwaminifu kuliko mtu wa amina? Constant akakibeba chungu kwenye tramu, amekikumbatia kama mtoto wa kwanza.

Sasa sikia kosa, maana kosa lenyewe lina kwao. Mbelgiji angekiweka chungu kwenye baraza penye baridi, akakisahau. Lakini Constant ni mtoto wa Katanga. Huko, tangu anatambaa, amemwona bibi yake akitengeneza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, ambacho siku ya kwanza ni cha watoto, na ukikiacha kwenye joto, siku zinazofuata ni cha wajomba. Kila chungu kinachongoja alichowahi kukiona maishani kilifunikwa blanketi na kuwekwa karibu na moto. Basi kwa upendo wote, na kwa kuona haya kwa ile amina, alikifunga chungu cha Victorine blanketi zuri la sufu, akakiweka ubavuni mwa radieta, kile chuma cha ukutani cha kupasha chumba joto, na radieta akaifungua yote. Nyingine zote akazifunga ili kupunguza gharama, na yeye mwenyewe akavaa sweta mbili ndani ya nyumba. Chungu kilistarehe kuliko mwenye nyumba.

Wiki zote hizo hakumuuliza Victorine tena. Victorine naye hakumjibu. Walisalimiana kanisani kama watu wanaosubiri basi moja.

Jumamosi ya kupika, akina mama walikusanyika katika jiko la ukumbi. Alikuwapo Wanjiku, Mkenya, jirani wa Victorine, aliyekuja kusukuma unga kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu na ulimi wake pia. Constant, kitambaa cha ushemasi mkononi, akatundika koti lake msumarini na kuweka mezani chungu, bado kimevaa blanketi.

"Mbona umekivalisha, Papa?" Wanjiku akauliza. "Kinakwenda Ubalozini?"

Victorine akafungua kamba. Kifuniko hakikungoja kuinuliwa. Kiliruka chenyewe, kikagonga rafu, na matunda yakachemka bila moto, povu jeupe likipanda taratibu kama mtu anayeamka usingizini. Harufu ikajaa jiko.

Wanjiku akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Mama Victorine," akanong'ona, "kwetu hii inaitwa muratina, na inanywewa na wazee wakiwa wameketi."

"Nyamaza usukume unga," akasema Victorine.

Maman Shekinah akaingia na kofia ya Noeli. Akachukua kijiko. Akaonja. Akaonja tena, na mara ya tatu hakuonja, alikula.

"Munaona," akasema, mashavu yakianza kung'aa. "Bila konyaki. Utamu wake inapita wa miaka yote. Utakatifu iko na ladha, bamaman."

"Inaonekana," akasema Victorine. "Na imekupata haraka."

"Ni furaha ya Roho." Maman Shekinah akashika meza kidogo, kwa sababu furaha ilikuwa na kizunguzungu. "Alors, tusingojee tati. Watoto ya shule ya Jumapili bako mu ukumbi banajifunza nyimbo. Bapewe sasa hivi, bakuli kwa bakuli."

Hapo mzaha ukaisha. Victorine aliweka mwiko chini na kuvuta pumzi ya kusema, liwalo na liwe, hata akiitwa mchawi. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Maman pasteur, hapana."

Constant alikuwa amesimama kati ya chungu na mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga barafu na kusikia inapasuka, ila hakurudi nyuma.

"Hapana nini, Papa Constant?"

"Watoto hawatakula hii. Ni pombe."

"Pombe ya nani? Nani ametia konyaki?"

"Hakuna muntu ametia. Ni mimi. Nimeifunika blanketi, nikaiweka kwa radieta kama munkoyo. Nilisikia inapumua, nikanyamaza." Akageukia akina mama. "Na Maman Victorine alituambia. Alisema kweli siku ile. Mi nilijua anasema kweli, nikasema amen."

Mama mmoja akakirudisha kijiko chake mezani kwa siri, kikiwa kimelambwa safi.

"Donc mi nimekula pombe," akasema Maman Shekinah polepole.

"Vijiko vichache, maman."

Maman Shekinah akaketi. Aliketi kwa hasira, ndivyo alivyosema baadaye, si kwa sababu nyingine. Kisha akanyoosha mkono. "Kitambaa ya ushemasi. Utoe. Na mu kwaya pia, upumzike mpaka Pasaka."

Kwaya ndiyo ilikuwa maisha ya Constant. Kila mtu pale alilijua hilo. Victorine akamtazama, akingojea ile amina itoke. Constant akavua kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kando ya unga.

"Sawa, nitapumzika," akasema. "Lakini watoto hawatakula."

Akatoka.

Victorine akafuta mikono. "Wanjiku, jaza tati, ziingie tanurini, ziive sana," akasema. "Moto utamkemea huyu pepo vizuri kuliko sisi."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Victorine alikuwa mlangoni tayari. Akashuka ngazi akishika ukuta, akapita mlango wa saluni, akamkuta Constant amesimama kwenye galari, ile njia iliyoezekwa kati ya vioo vya maduka, na shati tu, mikono kwapani, akitetemeka. Alimwona akija, akatazama chini kama mtu asiyetaka kumsumbua yeyote kwa swali.

"Constant."

"Maman."

"Nimekukubali. Sasa nenda kachukue koti lako kule juu, baridi isije ikanifanya mjane mara ya pili kabla sijaolewa."