Shimo la Dakika ya Sitini na Tatu

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha mashine, kinyozi alilowesha kipande cha sabuni na kuandika kwenye kioo matokeo ya timu mbili: kushoto Maseremala, kulia Wahunzi. Alianza desturi hiyo baada ya mechi ya watani ya raundi ya tano, ambapo kila timu ilimpoteza mtu wake katika dakika moja, ya sitini na tatu. Maseremala walimpoteza kiungo wao, Kipimo, aliyevunjika mguu wa kulia chini ya goti. Wahunzi walimpoteza nahodha wao, beki waliyemwita Komeo, aliyepewa kadi nyekundu kwa kumvunja mwenzake na baadaye akafungiwa miaka mitatu. Wateja walitaka kujua ni timu gani imeumia zaidi, na kinyozi hakuwa mtu wa kubishana bila takwimu.

Mtunza uwanja wa Maseremala alinyolewa hapo kila baada ya wiki mbili. Aliketi, akafungwa shuka shingoni, na shimo likafunguka sakafuni karibu na mguu wake wa kushoto. Lilikuwa na upana wa kiatu, na mtu akitumbukiza mguu lilimfika katikati ya muundi. Kinyozi alisogeza beseni lake lisije likaangukia humo.

"Naona bado unalo," alisema.

"Ninalo."

"Haya, inamisha kichwa."

Sasa tuseme ukweli, maana mwenyewe hakuusema. Upande wa kulia wa uwanja wa Maseremala, hatua kumi na nne kutoka mstari wa kati, palikuwa na koki ya zamani ya kumwagilia nyasi. Alhamisi kabla ya mechi ya watani koki ilianza kuvuja. Mtunza uwanja alifukua, akaziba bomba, akaing'oa koki. Kilichobaki kilikuwa kazi anayoijua hata akiwa usingizini: kujaza udongo kidogo kidogo, kushindilia, kumwagia maji, kusubiri ushuke, kushindilia tena. Ila mwenyekiti wa klabu alikuja mbiombio akitaka viti vya wageni wa heshima vipakwe rangi siku hiyohiyo. Basi mtunza uwanja alisokomeza gunia tupu ndani ya shimo, akafunika na pande la nyasi, akaenda kupaka rangi. Ungepita juu kwa macho usingejua kitu.

Asubuhi ya mechi alivua viatu, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na miwili, akautembea uwanja wote peku, kutoka goli hadi goli, mstari kwa mstari. Watunza uwanja wa zamani hufanya hivyo kwa sababu unyayo huona yasiyoonwa na jicho: kigae, msumari, udongo uliolegea. Alipofika penye koki aliinua mguu, akaparuka, akaendelea. Usije ukasema alisahau. Mtu aliyesahau angepakanyaga.

Dakika ya sitini na tatu Kipimo alipokea mpira palepale. Komeo alimwendea, akanyoosha mguu, akauondoa mpira bila kumgusa mtu. Alikuwa amefundishwa hivyo na mjomba wake, kwenye uwanja huohuo, akiwa na miaka tisa. Na mjomba wake ndiye huyu mtunza uwanja. Kipimo aliukanyaga uwanja, uwanja haukuwepo. Mfupa ulilia hadi jukwaa la juu. Wachezaji wa Maseremala wakamvamia Komeo, mwamuzi akatoa kadi, na mtunza uwanja akakimbia na machela. Wote wakiwa wanautazama ule mguu, yeye alilirudisha pande la nyasi kwa kisigino, akalikanyaga mara mbili, kisha akashika machela upande wa kichwani.

Jumapili shimo lilikuwa nyumbani kwake. Klabu ilikuwa imempa vyumba viwili chini ya jukwaa, na shimo lilifunguka katikati ya sebule, kwenye saruji. Alilijaza udongo, toroli tatu, akashindilia safari hii kama inavyotakiwa. Jumatatu udongo wote ulikuwa umerundikwa vizuri nje ya mlango, na shimo lilikuwa limehamia karibu na kabati. Ukiinama juu yake ulisikia uwanja uliojaa watu ukivuta pumzi kwa pamoja, halafu kimya, halafu tena ile pumzi.

Mkewe alilitazama akiwa na ufagio mkononi.

"Wenzio huambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema. "Wewe umeziba, ndio balaa limeanza."

"Nitalijaza tena."

"Liache. Mradi lisiingie jikoni."

Baada ya wiki alianza kuweka nyanya humo, kwa sababu mlikuwa na ubaridi na hazikuoza. Redio aliiongeza sauti kidogo, ile pumzi isisikike.

Mwenyekiti naye alikuja. Alikunywa chai, akalizunguka shimo akienda kwenye kiti, akalizunguka tena akirudi. Alipofika mlangoni alisema, bila kumtazama mwenye nyumba, "Uwanja wetu haujawahi kuwa na shimo. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, mwenyekiti."

"Vizuri. Lakini wekeni hata stuli hapo, mtu asije akaumia."

Ligi ikaendelea. Maseremala bila Kipimo walikuwa kama nyumba iliyopoteza funguo zake: watu wapo, mali ipo, hakuna kinachofunguka. Walitoa sare kumi na moja. Washambuliaji walikimbilia nafasi ambazo hakuna aliyeziona, wakarudi wakitikisa mikono. Mwaka uliopita walishika nafasi ya pili. Mwaka huu walimaliza wa nane. Wahunzi ndio walioona cha mtema kuni. Msimu mzima uliotangulia walifungwa magoli kumi na saba tu. Bila Komeo walifungwa arobaini na sita, na wakashuka daraja zikiwa zimesalia mechi mbili. Kinyozi alipiga mstari chini ya kioo na kutoa hukumu.

"Maseremala wamevunjwa mguu," alisema, "lakini Wahunzi wamevunjika kiuno."

"Na haki yao," alisema mteja aliyekuwa akisubiri. "Si ndio waliomlea yule mchinjaji? Aliyeua kwa upanga naye kakutana na wembe."

Wakacheka. Mtunza uwanja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Alijiona kwenye kioo katikati ya safu mbili za sabuni, na uso ukamwaka moto kwa aibu. Alitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Kisha akafikiria vyumba viwili, mke wake, na umri wake wa miaka hamsini na minane, akalimeza. Kinyozi alimpulizia poda shingoni.

Mwezi wa pili baada ya mechi alikuwa amekwenda kumjulia hali Kipimo. Kijana alilala na mguu umefungwa plasta hadi pajani, na mama yake alileta kiti. Shimo likafunguka chini ya kitanda. Mama yake Kipimo aliinama, akazitoa ndala za mwanawe zisitumbukie, akaziweka dirishani.

"Unajua, mzee wangu," alisema Kipimo, "mimi sikuhisi teke. Nilihisi ardhi imeniondokea. Nimewaambia madaktari, wakasema maumivu hudanganya."

Mtunza uwanja aliangalia mikono yake.

"Huenda," alisema.

"Basi mwambie mpwa wako simsamehi. Hata akija kwa magoti. Nilikuwa niende kucheza nje mwezi wa saba."

"Nitamwambia."

Na alimwambia. Hilo nalo aliliweza. Komeo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ana haki ya kukasirika," akaendelea kupanga mifuko ya saruji. Siku hizo alikuwa amepata kazi ya kupakia katika duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wengine walikwenda pale si kununua bali kumwona mtu aliyemvunja Kipimo.

Msimu ulipokwisha Komeo alikata rufaa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Miaka mitatu ikitimia angekuwa hana mpira tena, na alijua. Siku moja alasiri alikuja kwa mjomba wake, akamwamkia mke wa mjomba, ambaye alizoea kumwita shangazi, akakaa akilitazama shimo lenye nyanya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuandika shahidi. Hutaambiwa useme mengi. Watakuuliza uwanja ulikuwaje siku ile, nawe utawajibu ulivyokuwa. Basi."

"Mimi ni mtu wa Maseremala. Watanisikiliza?"

"Ndiyo maana watakusikiliza."

Mkewe aliacha kukunja nguo. Mtunza uwanja alisema atakuja. Wiki nzima alijizoeza akiwa peke yake uwanjani, akisukuma mashine ya kukatia nyasi: palikuwa na shimo, waheshimiwa, mimi ndiye niliyelifunika. Kwa kelele za mashine alilisema vizuri kabisa, bila kigugumizi.

Kamati ya rufaa ilikaa ghorofa ya tatu, katika chumba chenye meza ndefu na feni moja iliyokuwa ikilia. Mwenyekiti wa Maseremala alikuwepo kama mwalikwa, ameketi karibu na dirisha. Komeo aliketi peke yake, amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vilivyoonekana vimeazimwa. Mtunza uwanja alipoitwa alisimama mbele ya meza, na shimo likafunguka kwenye vigae kati yake na wajumbe. Chini ya vigae palipaswa kuwa na ofisi ya watu wa ghorofa ya pili, lakini ndani ya shimo mlikuwa na udongo, mizizi ya nyasi na ncha ya gunia. Ile pumzi ya watu elfu kumi na mbili ikasikika, ikanyamaza. Katibu aliuvuta mguu wake. Mjumbe mmoja alisimama kidogo ili aone, akaketi.

"Wewe ndiye mtunza uwanja?" aliuliza mwenyekiti wa kamati.

"Ndimi, mheshimiwa."

"Siku ya mchezo, uwanja ulikuwa na kasoro yoyote? Mathalani mbonyeo, au shimo?"

Mtunza uwanja aliliangalia shimo. Wajumbe nao waliliangalia, kwa heshima, kama watu wanaosubiri mgeni amalize kukohoa. Alimwangalia mwenyekiti wa klabu, na mwenyekiti wa klabu alikuwa akitazama barabara. Mwisho alimwangalia mpwa wake. Komeo hakukunja uso wala hakumwomba kwa macho. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja, kama mtoto anayesubiri kuitwa jina shuleni.

"Haukuwa na kasoro, mheshimiwa," alisema mtunza uwanja. "Ulikuwa sawa."

"Uliukagua mwenyewe?"

"Niliutembea wote. Peku."

"Ahsante. Mrufani, una la kumwuliza shahidi wako?"

Komeo alisimama. Feni ililia.

"Sina," alisema.

Kamati ilijadiliana kwa dakika nane. Rufaa ilikataliwa. Mwenyekiti wa kamati aliwashukuru wote kwa nidhamu yao na akawaomba wawe waangalifu wakati wa kutoka. Katika kumbukumbu za kikao, ajenda ya mwisho, iliandikwa kwamba wajumbe walitahadharishwa kuhusu shimo, wakatoka salama.

Nje, kwenye ukumbi mwembamba, mwenyekiti wa klabu alimpiga mtunza uwanja begani mara moja, akashuka. Wengine wakafuata, wakizungumzia usajili wa msimu mpya. Walibaki wawili. Mtunza uwanja alitaka kwenda zake, lakini akasimama. Machozi yalimjaa, akayazuia, akaona hata kulia si haki yake.

"Mwanangu," alisema. "Ile siku..."

"Nilikuona, mjomba."

Mtunza uwanja aliinua macho.

"Walikuwa wamenishika shingo, lakini nilikuona. Ulilirudisha pande la nyasi kwa kisigino. Ulikanyaga mara mbili." Komeo alisema hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayemweleza mtu njia. "Ningeweza kuwaambia tangu siku ya kwanza. Lakini nikasema hapana, yule ndiye aliyenifundisha mpira. Atapenda aseme mwenyewe. Ndiyo maana nikakuandika shahidi."

"Kwa nini hukusema leo? Waliponisimamisha pale, nawe ulipoulizwa?"

"Wewe ulikuwa umeshajibu."

Chini barabarani mtu alipiga honi. Komeo alifungua kifungo cha juu cha shati.

"Kitu kimoja tu, mjomba. Mama asijue. Ameshazoea watu kuniita mchinjaji, hilo analibeba. Lakini wewe ndiye kaka pekee aliyebakiwa naye. Akijua, hatakuwa na mtu."

"Sawa," alisema mtunza uwanja.

Alilisema upesi mno, kabla mpwa wake hajamaliza, na wote wawili walisikia lilivyokuwa upesi. Hakuna jambo lililomwaibisha maishani kama hilo, hata kule kukanyaga mara mbili. Alitamani kulirudisha neno, alicheleweshe japo kidogo, lionekane limemgharimu. Lakini lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa kweli: alikuwa amefurahi.

Walielekea kwenye ngazi. Shimo lilikuwa limetangulia na kufunguka kwenye kipandio cha kwanza, upande alioshika mzee. Komeo aliliona, akahamia upande huo na kumshika mjomba wake kiwiko, kama mtu anavyomshika mzee wake popote.

"Taratibu, mjomba," alisema. "Pitia huku kwangu."

Wakashuka hivyo, kipandio kwa kipandio, mpaka chini.