Ncha za Seng'enge

Emil Hruska alikatia seng'enge ndani ya banda la nyasi, na sasa ng'ombe mwekundu wa mkewe hali chakula.

Ulikuwa ujinga, na alijua. Kila ncha aliyoikata iliruka kama panzi na kuangukia nyasini Mungu ajuako. Lakini Novemba katika uwanda wa Nebraska ina upepo wa kuchuna ngozi, na akina mama wa kanisa walitaka mashada yao ya kupamba milango kabla ya Majilio. Seng'enge kuukuu iliyong'olewa malishoni ilikuwa imejaa nyuma ya nyumba. Unaizungusha duara mara nne tano, unaifunga kwa kamba za marobota ya nyasi, katikati unaning'iniza kiatu cha farasi. Watu wa mjini wanakuja kuulizia jingine. Bandani kulikuwa na kinga. Akakaa juu ya robota, akakata.

Ng'ombe alisimama kando ya uzio, mgongo kaupinda, miguu ya mbele kaitanua. Alikuwa na mimba kubwa. Lavonne, mkewe Emil, alimlea kwa chupa jikoni tangu akiwa ndama, mamake alipokufa kwenye theluji, na hakuna aliyeruhusiwa kumtaja siku za kuuza.

Delmar, kaka yake Lavonne, alikuja na gari lake.

"Mfinye mgongo."

Emil akamfinya nyuma ya mabega. Ng'ombe mzima hubonyea. Huyu alikaza kama ubao, akaguna.

"Kameza chuma," Delmar akasema.

"Naona."

"Leo unaona. Juzi ulikuwa unaona nini, shemeji? Mapambo?"

"Niache, Delmar."

"Nikuache vipi, mwanamume mzima utepe wa mashada unaning'inia mfukoni?"

Wakamshika kichwa, wakamsukumia kooni sumaku nene kama kidole gumba, ikashikilie waya tumboni isitembee. Wafugaji wengine huwapa ng'ombe sumaku hiyo mapema, wakiwa bado ndama. Emil alikuwa akiahirisha kila mwaka.

Baada ya hapo hakutulia. Aliburuta sumaku nyingine kwa kamba juu ya sakafu ya banda, akabandua ncha, akaburuta tena. Akaenda uziani. Akarudi. Akaingia jikoni, akamimina kahawa, akatoka bila kuinywa.

"Kaa chini, baba," Lavonne akamwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Nakaa."

"Umesimama."

"Nikikaa namsikia anaguna."

"Hata mimi namsikia. Mimi si nimekaa?"

Kesho yake mshipa wa shingo ya ng'ombe ulivimba kama bomba la maji, na kidari kikaning'inia. Daktari wa mifugo aliweka sikio kifuani mwake, akaliondoa.

"Waya imefika moyoni," akasema. "Usimwache ateseke."

Lavonne alimsugua ng'ombe paji la uso, kisha akaenda ndani na kufunga mlango. Emil ndiye aliyempiga ng'ombe risasi. Delmar alimpasua, akatoa kwenye utando wa moyo kipande cha waya kifupi kuliko msumari. Alikiweka kiganjani mwa Emil, na safari hii hakuwa na utani.

Hasara ilikuwa hii: ng'ombe mwekundu. Ndama tumboni mwake, jike. Marobota yote ya upande wa mashariki wa banda, alikokatia seng'enge, yaliyochomwa moto kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwalisha ng'ombe nyasi zake. Na Lavonne, ambaye tangu siku hiyo hulisha kundi peke yake, na Emil akishika uma wa nyasi humnyang'anya.