Taa Inayopumua

Kaka yangu huandika programu ndogo za kuendesha vifaa. Alimtengenezea mama taa inayowaka na kufifia polepole, ili pumu ikimbana apumue kwa kuifuata. Alasiri ile mama alijaribu, akaishia kuhema.

"Mwanangu, taa yako inakimbia. Inafukuzwa na nani?"

Kaka akainamisha kichwa. Kwa kupenda programu fupi, alikuwa amefuta mistari inayoiambia taa isubiri kabla ya kuwaka au kufifia tena.

Akanigeukia. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayelala chumba kimoja na mama. Nipe mwendo wa pumzi yake."

Niligonga meza kwa kidole, taratibu, kama mama anavyopumua akiwa usingizini. Kaka akarudisha mstari mmoja tu wa kusubiri, akaupima kwa mgongo wa kidole changu. Mwanga ukajaa chumbani, ukapungua, ukajaa tena. Mama akaufuata mpaka akasinzia. Kidole changu kiliendelea kugonga.